Saba Zilizogeuka Moja Kila Ijumaa

Saa ya ukutani muliyonipa siku ya kuniaga nimeirudisha biro, ofisini kwenu. Iko mapokezi, ndani ya kartoni yake, na pile zake za betri. Musione nimekosa adabu. Keki nilikula, na kile kitenge nilishakipeleka kwa fundi. Lakini miye na saa za ukutani tulikosana wakati wa Zaire, hapa hapa Bunia, na sina mupango wa kupatana nazo nikiwa muzee.

Tena siku ile ile kijana mumoja kati yenu, jina lake nalifunika, alisimama na soda mukononi akasema mama Masika alifanya kazi wakati mambo ya rezo, ya mitandao ya simu, yalikuwa rahisi, hakukuwa na jigi. Mukacheka. Nikanyamaza kwa sababu mudomo ulijaa keki. Leo haujajaa kitu.

Kwa yule anayesoma bila kuwa mutu wa kazi yetu: jigi njo pale vitu vinavyopaswa kufika kwa mwendo sawa vinafika kimoja mapema, kingine nyuma. Hakuna kilichopotea. Ukihesabu jumla, iko sawa. Lakini sauti ya simu inakatika-katika, na nyiye munaanza kuzungusha antena na kulaumu mvua. Munazani ililetwa na kompyuta zenu. Jigi ilikuwa ndani ya maji ya mutoni kabla haijaingia kwenye waya wowote, na siye tulipigana nayo bila hata kujua inaitwa nani.

Niliingia biro ya teleksi nikiwa binti, miaka ya sabini ikianza. Baba yangu alikuwa ametuhamisha kutoka Butembo, akafungua duka la sabuni na chumvi, na alitaka nikae nyuma ya meza ya duka mpaka nipate bwana. Nilikuwa nimejifunza kupiga mashini kwa masista. Nikamwambia baba kwamba sabuni inaweza kuuzwa na mutu yeyote. Hakusema na miye wiki nzima, kisha akaninunulia viatu vya kazi.

Siku ya kwanza hawakunipa kiti wala mashini. Muzee Ramazani, makanika wetu, mutu wa upande wa Kisangani, mwenye kofia nyeupe isiyopata doa la mafuta hata siku moja, alinipa diapazo. Ni chuma cha meno mawili, mufano wa uma wa kulia. Kwenye ncha za meno kuna vibati viwili vyenye mwanya mwembamba. Ukiigonga kwenye goti inaimba. Unachungulia katika ule mwanya, unaangalia gurudumu la mota ya mashini, lililopakwa mistari myeupe na myeusi. Mota ikienda mwendo wake, mistari inasimama kimya ijapokuwa gurudumu linazunguka. Ikikimbia, mistari inatembea mbele. Ikichelewa, inarudi nyuma. Kazi yangu ilikuwa kukaza na kulegeza kiskuru cha mwendo mpaka mistari isimame. Nilifanya hiyo tu mpaka goti likafanya alama, na nikalalamika kwamba nilikuja kupiga teleksi.

Muzee akanijibu maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Mama, Kisangani haikuoni. Inakusikia tu. Ukitembea mubaya, itasikia kitu ingine."

Alinieleza. Kila herufi inatoka kwenye mashini kama mapigo matano, moja nyuma ya lingine, mengine yana umeme na mengine matupu. Mashini ya kule inasikiliza kila pigo kwa wakati wake. Kama weye unakimbia kidogo, yeye anafika kwenye pigo la tano na kukuta weye ulishalimaliza. Anaandika herufi ingine, na wala hajui kama amekosa.

Aliyenifundisha vidole alikuwa Kakule, operateri mukubwa. Nilimuita yaya, kaka mukubwa, kwa sababu alitoka kwetu Butembo na alinipita umri. Muprotestanti wa kweli, baba wa watoto wengi, mutu aliyepiga nambari bila kuangalia na bila kukosa. Siku za kawaida, wakati wa kula, muzee Ramazani njo alilinda mashini. Ijumaa muzee alienda musikitini, kwa hiyo Kakule alikaa pale kuanzia saa sita ya mchana. Hakuna shefu aliyepanga hiyo. Ilikuwa heshima tu kati yao, na siku ya Noeli muzee alitulipa kwa kukaa yeye peke yake biro muzima.

Kisha ikaja mashini mupya kutoka Kinshasa, na shefu mupya nyuma yake. Mashini ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Haikuwa na kiskuru cha mwendo. Mota yake ilifuata umeme wenyewe: umeme ukitembea sawa, mota inatembea sawa. Shefu akaamuru mashini ya zamani iingie depo, na diapazo akaitupa ndani ya kabati pamoja na mishumaa. Akatundika ukutani saa kubwa ya umeme. Jioni redio ikipiga ile "pii" ya habari, alisimama chini ya saa yake, mikono nyuma, kuonyesha mushale uko pale pale. "Umeme wetu iko sawa," alisema, "angalieni saa." Alikataza pia ile desturi ya muzee ya kurudilia nambari zote chini ya ujumbe. Alisema inakula laini bure.

Umeme ulitoka kwenye santrali ndogo ya maji, nje kidogo ya muji. Mulinzi wa turbini alikuwa baba Udaga, mutu mupole, na tulimujua wote kwa sababu moja: samaki. Kila Ijumaa kikapu kilifika mulangoni pa biro. Shefu alikuwa Mukatoliki wa samaki zaidi kuliko wa misa, na kikapu kikubwa kilienda kwake. Kidogo kilibaki kwetu. Wakatoliki walikula, Kakule alikula, muzee Ramazani alipelekewa nyumbani, na miye nilikula mpaka kichwa. Hakuna aliyeuliza namna gani samaki wanajua kufika kila Ijumaa.

Kisangani wakaanza kulalamika. Mara herufi imepotoka hapa, mara pale. Hatukujali sana. Neno likiumia, maneno ya pembeni yanalisaidia, musomaji anaelewa. Nambari haina wa kuisaidia. Ikigeuka, inabaki nambari, tena inakuangalia machoni.

Mugodi mumoja wa Mongbwalu ukaomba mapipa sabini ya mazutu, mafuta ya dizeli, kwa pompe zao, zile zinazotoa maji chini ya ardhi. Ombi lilitufikia kwa foni, redio yetu ya kusemea, Kakule akalipiga teleksi kwenda Kisangani, Ijumaa saa sita ya mchana. Kisangani wakapokea kumi. Lori likatoka kule, likalala ndani ya matope ya Epulu kama malori yote, likafika Mongbwalu na mapipa kumi. Mazutu yakaisha, pompe zikasimama, maji yakapanda ndani ya mashimo. Watu walitoka wazima, namushukuru Mungu. Lakini mugodi ukazama, na zahabu wakati ule haikuwa kitu cha kuchezea. Watu wa usalama wakafika biro kabla hata hatujajua vizuri nini imetokea.

Kopi yetu ilionyesha sabini. Shefu akasema Kakule alipiga kopi ingine baadaye, ya kujifunika. Wakapekua ujumbe wa zamani pamoja na Kisangani, wakakuta nambari zingine zilizogeuka, karibu zote Ijumaa, karibu zote saa ya Kakule. Miye mwenyewe, kama singemujua, ningeamini. Wakaliita sabotaji, hujuma ya makusudi, neno ambalo wakati ule lilitosha kukupoteza. Wakamuweka kwenye kasho ya zone, chumba cha mahabusu, na ikasemwa gari litakuja Jumamosi kumupeleka Kisangani. Bibi yake alifika biro na mutoto mugongoni, akatuangalia mumoja mumoja. Hakuomba kitu. Kila walipomuuliza Kakule, alijibu neno moja: "Nilipiga saba."

Shefu akaniita. Alitaka nisaini kwamba nilimuona Kakule akipiga ile kopi ya pili. Karatasi ilikuwa tayari, jina langu limeandikwa chini.

"Sikumuona," nikamwambia.

"Ulikuwa ndani ya biro."

"Njo maana najua sikumuona."

Akaniambia kwamba binti mwenye akili anaangalia kazi yake. Nikamwambia kazi yangu naiangalia, iko kwenye mashini, na kuna ujumbe unangoja. Musizani nilikuwa shujaa. Lakini kalamu sikuishika. Jioni baba yangu alikuwa ameshasikia, akanibembeleza mpaka akalia: saini, mwanangu, hawa watu hawachezi. Baba yangu kulia mbele yangu ilinikata roho. Nikamwambia kama nikisaini hiyo, siku ingine watanitafuta nisaini ingine, na ingine, na mukono wangu hautakuwa wangu tena.

Kesho yake kiti changu hakikuwepo. Shefu alikiweka ndani ya biro yake, mulango wazi, ili nikione. Nikapiga teleksi nimesimama. Wenzangu waliniletea kigoda, nikakisukuma pembeni. Niliapa sitakaa ndani ya biro ile mpaka Kakule akae mahali pake. Jioni miguu ilivimba, nikaitia ndani ya maji ya chumvi, asubuhi nikavaa viatu vyangu nikarudi.

Ukisimama siku nzima unapata wakati wa kufikiri. Nikamuuliza muzee Ramazani: zile nambari zilizokosa, ni zipi? Tukazikumbuka pamoja. Saba ilikuwa moja. Nane ilikuwa ziro. Mara ingine kinyume, moja ikawa saba. Basi. Sabini ikawa kumi kwa sababu saba ilianguka kwenye moja na ziro ikabaki pale. Hakukuwa na tatu iliyogeuka nne. Muzee akavua kofia, jambo ambalo hakufanya ovyo. Saba na moja wanafanana mapigo yote isipokuwa la tano. Nane na ziro vile vile. Pigo la tano njo la mwisho, njo la kwanza kuumia kama mwendo unayumba. Mutu anayetaka kuharibu angechagua nambari anayotaka. Hii ilikuwa inachagua mukia tu.

Kwa bahati Kisangani ilimutuma injenia, Mbuyi, kuja kuangalia. Nilitegemea mutu wa tai na kelele. Alikuja na koti la mvua lenye matope, akatusikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri kuliko yetu. Kisha akaomba mashini ya zamani itolewe depo, iwekwe pembeni ya mupya. Mashini mupya haikuwa na mistari kwenye mota. Nikaleta verni yangu ya kucha, nyeupe, nikaipaka mistari kwa mukono wangu. Shefu alisema naharibu mali ya serikali. Injenia akasema angoje ikauke.

Tulichagua Ijumaa, siku moja kabla ya gari kuja. Asubuhi mashini zote mbili zilituma vizuri. Kisangani walitusomea kwa foni kile wanachopokea, na hakuna kosa. Shefu akaonyesha saa yake ukutani. Ilipokaribia saa sita nilimuomba muzee Ramazani abaki, nilikuwa naogopa. Akakataa. Akasema akibaki, watasema ni mukono wake ndio umeponyesha mashini. Kila kitu kiwe sawa na Ijumaa zote. Akaenda kuswali, na miye nikasimama mahali pa Kakule.

Nikapiga saba, saba, saba, nane, nane. Kisha sauti ya Kisangani ikaanza kusoma kwa foni: saba, saba, moja, nane, ziro, saba, moja. Injenia alikuwa ameinama na diapazo jichoni. Aliniita nichungulie. Mistari ya verni yangu ilikuwa inaenda mbele, inarudi, inasimama, inaenda tena, kama mulevi anayetafuta mulango wake. Tukahamia mashini ya zamani. Pale kiskuru cha muzee kilishikilia mwendo chenyewe, umeme uyumbe usiyumbe. Mistari kimya. Kisangani wakasoma saba zote na nane zote.

Shefu hakuangalia mistari. Aliangalia ukuta. "Lakini saa haijakosa," alisema, na nilisikia kwamba anaogopa.

"Saa inakupa jumla tu," injenia akamwambia. "Mutu akikimbia kidogo na kulala kidogo, anaweza kufika kwa wakati. Muulizeni aliyekuwa anatembea naye."

Umeme unayumba kwa sababu turbini inayumba, na turbini inayumba kwa sababu ya maji. Tulipanda jeep yake hapo hapo, miye na yeye, tukaenda santrali. Baba Udaga na wenzake walikuwa ndani ya bwawa, suruali zimekunjwa, vikapu mukononi. Walikuwa wameshusha maji mpaka samaki wamejibana kwenye vyuma vya mulango wa bomba. Udaga aliponiona akafurahi. "Mama Masika, ya shefu iko tayari," akasema, akainua kikapu.

Injenia akainama kwenye ukuta wa bwawa. Alikuwa anaangalia maji. Pale juu ya mudomo wa bomba, kwa sababu maji yalikuwa machache, yalizunguka na kufanya tundu katikati, na tundu lilikuwa linavuta hewa. Kila likimeza hewa, kule chini turbini ilipata kwikwi: inalegea, kisha hewa inapita, inaruka mbele. Uliisikia miguuni. Hewa ndani ya maji, mwendo ndani ya umeme, pigo la tano ndani ya teleksi, mazutu ndani ya lori, na Kakule ndani ya kasho. Nilisimama juu ya ukuta wa bwawa nikashikwa na hasira mpaka machozi yakatoka, hasira ya kweli, na sehemu yake ilikuwa ya tumbo langu mwenyewe, lililokula samaki wale.

Injenia akamuomba Udaga afungue maji yapande. Tukangoja. Tundu likafunga, kwikwi ikaisha, turbini ikaimba wimbo mumoja. Udaga alipoelezwa alikaa chini ndani ya majani, na vikapu vyake vyote. Alisema alijua Ijumaa umeme unachoka kidogo, na jioni alikuwa anauharakisha mpaka saa ya santrali ikubaliane na redio. Alizani anatengeneza.

Musizani walimufungulia Kakule siku ile. Injenia alizuia gari lisiondoke naye, lakini shefu alienda kasho na mupango wake: Kakule asaini kwamba alifanya uzembe kidogo, uzembe tu, na atoke, na habari ya samaki isiguswe. Watu wengi walisema ni bahati, akubali. Nilienda kumuona. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumukataza, na sikuyatumia. Yaya Kakule alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa za muzee. Akaniuliza tu kama mashini ilisema nini. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Basi nilipiga saba," na hakusaini. Akalala mule Jumamosi na Jumapili. Jumatatu walichoka naye. Waliomufungulia mulango hawakuomba samahani, na hakuingoja.

Miaka ya themanini ilileta mitambo mingine. Nilikutana na ugonjwa ule tena kwenye foni ya kule Boga, safari ile ukitoka kwenye jenereta yenye mazutu machafu, na kila mara kulikuwa na bwana fulani aliyeniambia kwamba kwa wastani kila kitu iko sawa. Nyiye vijana, mukisikia neno wastani, simameni. Mutafute mutu anayelala kasho kwa ajili yake.

Jumatatu ile Kakule alipofunguliwa, kiti changu kilirudi, tena na muto wa kukalia juu yake. Nikakiacha kwenye ukuta, nikaendelea kusimama, kwa sababu Kakule alipewa siku za kupumzika. Shefu alipita mara nyingi akikiangalia.

Ijumaa Kakule akarudi, amenyolewa, shati limepigwa pasi. Saa sita muzee Ramazani akachukua kofia yake akaenda kuswali. Kikapu hakikufika mulangoni. Nyumbani kwa shefu siku ile walikula maharagi, na kwetu pia. Kakule akakaa mahali pake, akanyoosha vidole, akapiga saba mustari muzima bila kuangalia. Tukangoja foni. Sauti ya Kisangani ikasoma: saba, saba, saba, saba, mpaka mwisho, kisha ikauliza nani iko kwenye mashini.

"Kakule," akajibu.

Njo pale nikavuta kiti changu, nikakaa.